Fulu Waliomzoea Mwingine

Mimi ni mshonaji. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia nyama, na maneno ya kuzungushazungusha siyawezi. Haya yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Jael. Asiyetaka kuamini aache hapa aende zake, hatujagombana.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya uhuru. Jael alikuwa ameolewa na Sylvanus Masinde, karani wa misitu hapa Kakamega, wakakaa nyumba ya serikali yenye bati jekundu. Sylvanus alikuwa amefiwa. Mke wake wa kwanza, Beldina, alichukuliwa na homa. Mzungu wa misitu alipofunga mizigo kurudi kwao alikuwa amewaachia tangi la vioo lenye samaki wa kutazama tu, na Beldina ndiye aliyewalisha mpaka alipolala kitandani akakosa kuamka. Tangi lilibaki sebuleni. Mwenye kulisha alizikwa, samaki wakaendelea kunenepa.

"Mimi sitalisha samaki wa mwanamke mwingine," Jael aliniambia alipokuja kunitembelea mara ya kwanza.

"Samaki hana mambo ya wanawake. Samaki ana njaa."

"Dada, wewe ulijengewa nyumba yako. Mimi nikishika mwiko, wa Beldina. Nikivuta pazia, la Beldina. Huyu bwana akitoka kazini anasimamanga pale kwa kioo kwanza, ndiyo anakumbuka kunisalimia."

Nilimcheka. Wivu wa mke mwenza aliye hai naujua, mnararuana leso kisimani na mambo yanakwisha. Lakini mdogo wangu alikuwa na wivu kwa mtu aliyelala ardhini, na mtu wa namna hiyo humpati mahali pa kumshika.

Sylvanus hakuwa mtu mbaya. Alipoona mke wake hataki hata kupita karibu na tangi, alikwenda Kisumu akarudi na debe la maji. Ndani mlikuwa na fulu, samaki wadogo wa ziwani, wa buluu wenye mapezi mekundu. Jirani yao, Mama Hezekiah, alikuja kuchungulia.

"Hii si ndiyo tunakulanga na obusuma, ugali wetu?" akauliza. "Karani amelipa nauli ya mboga, halafu mboga haipikwi."

Jael hakucheka. Alikuwa anamtazama mume wake.

"Hawa ni wako," Sylvanus alimwambia. "Wako peke yako."

Lakini hawakuwekwa sebuleni. Sylvanus alileta tangi dogo akaliweka chumba cha kulala, juu ya meza ya chini karibu na kitanda. Samaki wageni, alieleza, hukaa kando kwanza, kama ng'ombe wa karantini, wasije wakawapa wenyeji ugonjwa.

"Kwa hiyo wake ni wa sebuleni," Jael aliniambia, "wangu ni wagonjwa."

Hata hivyo aliwashika kwa moyo wote. Alikuwa hajapata kitu kingine chake katika nyumba ile. Sylvanus alimfundisha kuchanganya maji ya debe na ya tangi kikombe kwa kikombe, wasishtuke. Kufunika vioo vitatu kwa blanketi na kuacha kimoja. Kutogonga. Kutia omena waliosagwa, kidogo tu, kisha kupiga magoti mbali na kungoja. Na kubwa kuliko yote, mlishaji awe mtu mmoja.

"Samaki hazoei nyumba," alisema, "anazoea mtu. Ukimwona amejificha, ujue ameona mgeni. Ukimwona amekuja mbele ya kioo, ujue anamwona anayemjua."

Wale fulu walijibana kona ya nyuma, mmoja juu ya mwingine, wakawa weusi kwa hofu. Jael akiingia, wanatetemeka. Sylvanus akasema wanataka pango, kitu cha kujifichia, ndipo watapata ujasiri wa kutoka.

Sasa, rafuni jikoni kulikuwa na chungu cha Beldina. Hakipikiwi. Kwao Beldina chungu cha mke aliyekufa huja kuchukuliwa na mama yake mzazi, na mama huyo, Nanjala, alikuwa amehamia mashamba mapya ya Lumakanda, akasema atakuja mahindi yakishavunwa. Watu wote walijua. Jael alijua. Alikiteremsha kile chungu, akakipiga kwa mchi, akachukua kigae kikubwa akakizamisha kwenye tangi lake.

Nilipomgombeza alinijibu bila kuinua macho. "Si walitaka pango? Nimewapa pango."

Fulu waliingia chini ya kigae siku hiyohiyo. Kisha rangi zikaanza kurudi.

Nilifurahi na mimi, sitaficha. Nikamletea kitambaa cha pazia jipya. Nilifika mchana, mawingu ya mvua ya mawe yameshajikusanya upande wa msituni. Nikabisha hodi, kimya. Nikazunguka nyuma mpaka dirisha la chumba cha kulala nikachungulia.

Fulu walikuwa wametoka. Wote. Walikuwa wamejipanga mbele ya kioo kilicho wazi, wamenyanyua vichwa. Wakaenda kulia pamoja. Wakarudi kushoto pamoja. Kama watoto wanaofuata mkono wenye mkate. Juu ya maji chembe za omena zilikuwa zinashuka, moja, nyingine, nyingine tena.

Chumbani hapakuwa na mtu.

"Unaangalia nini, dada?"

Jael alikuwa nyuma yangu, ndoo ya maji kichwani. Anatoka bombani.

Nilimwonyesha. Alitua ndoo, akaweka uso dirishani. Fulu walimwona. Wakaruka wote chini ya kigae, maji yakatikisika.

Halafu akanong'ona, "Kumbe ndiyo maana hawanizoei. Kuna mtu anawalisha kabla yangu."

Mvua ikaanguka. Tuliingia ndani. Nina hasira za karibu, kila mtu sokoni anajua, na siku hiyo hasira ilinipanda kabla ya woga. Nilisimama katikati ya chumba nikasema kwa sauti, juu ya kelele za bati: "Beldina, kama ni wewe, tuongee wazi. Mume hukunyang'anywa. Ulikufa. Huyu mtoto hakukuua. Kama ni chungu, amekosa, tutamlipa mama yako. Toka hapa."

Mvua ilikuwa inapiga. Fulu wakatoka chini ya kigae, polepole. Wakapita kioo cha mbele bila kusimama. Wakakusanyika kona iliyo upande wa kitanda, na blanketi upande ule lilikuwa limekunjwa, ingawa hatukuligusa.

Jael alikuwa amekaa kitandani. Walikuwa wanatazama kidogo tu kando ya bega lake.

"Twende kwangu," nikamwambia. "Sasa hivi, na mvua hii."

Aliweka mikono mapajani. Kidevu kilikuwa juu. "Nikitoka, dada, amebaki na nyumba yote. Hata hawa wangu. Hapana."

"Jael."

"Hapana. Afadhali nikae naye."

Nilimvuta mkono. Akaning'ata, mtu niliyembeba mgongoni. Nikaondoka na pazia langu, nikitukana njia nzima.

Baadaye Sylvanus mwenyewe alikuja kibandani kwangu. Jael hatoki chumbani, akasema. Hali chakula mbele ya mtu. Chakula ukikiacha mlangoni ukaenda zako, utakuta sahani tupu. Ukibisha mlango, anajibana pembeni kwenye ukuta. Alikuwa anaeleza akikunjakunja kofia, na sote wawili tulijua tulishasikia mambo hayo yakielezwa, ila si juu ya mtu.

Nilikwenda nimejitayarisha kumbeba kwa nguvu. Nikamkuta uani anaanika mtama, amefagia, amejipaka mafuta.

"Karibu, Jescah," akasema.

Nikasimama. Tangu ajue kusema, Jael hajawahi kuniita jina. Mimi ni dada, ndiyo tu.

Alinipeleka chumbani mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya tangi, akatia vidole majini, na wale fulu wakaja wakamlambalamba ncha za vidole. Sylvanus alikuwa amesimama mlangoni na macho yake yamejaa furaha kama ya bwana arusi. "Wamemzoea," alisema. "Si nilikwambia, shemeji?"

"Mama yetu alitupikia nini siku ya kutahiriwa kwa kaka?" nikamwuliza yule aliyepiga magoti.

Akatabasamu. "Umechoka na jua, Jescah. Nikuletee maji."

Nanjala alifika mahindi yalipovunwa. Nilikuwepo, nilihakikisha nipo. Mama yule mzee hakuwahi kumwona Jael hata siku moja. Alikuja amejiandaa kwa ugomvi, maana habari za chungu zilikwishamfikia. Alianza kupaza sauti tangu barabarani. Jael alitoka, akampokea kapu. Kisha akapita nyuma yake, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja mara mbili, akakifunga upya, fundo likakaa juu ya sikio la kushoto.

Ugomvi wa Nanjala ulikatika mdomoni. Mkono wake wa kulia una bega bovu, haufiki kichwani. Aliligusa lile fundo kwa mkono wa kushoto, akawa analigusa tu.

Nilimvuta kando ya jiko. "Mama, umeona," nikamnong'oneza. "Umeona na wewe. Nisaidie nimrudishe mdogo wangu."

Alinitazama usoni. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Nimezika mtoto," akanong'ona. "Sasa amenifunga kitambaa vilevile alivyokuwa akinifunga. Usiniharibie, mwanangu. Nakuomba."

Sylvanus akaja, wakaketi uani wote watatu kupukuchua mahindi. Walikuwa wanacheka. Mume alikuwa amempata aliyemtaka, mama amempata wake. Aliyekuwa na haja na Jael nilikuwa mimi peke yangu, na mimi sina usemi katika nyumba ya mtu.

Niliingia chumbani. Sijui nilitaka nini, nadhani nilitaka kuvunja kitu.

Fulu walikuwa wamejificha. Siku zile walikuwa hawamwogopi tena mtu yeyote, hata Mama Hezekiah walimjia. Sasa walikuwa wamebanana chini ya kigae, weusi, wanatetemeka kama siku waliyotoka kwenye debe. Na hofu yao haikuwa kwangu, maana nilikuwa bado mlangoni, upande wa kioo kilichofunikwa kwa blanketi, hawakuweza kuniona.

Mbele ya kioo palikuwa patupu.

Nikasogea. Kwenye kioo, upande wa nje, palikuwa na ukungu kidogo, mviringo. Kama pumzi. Ukafifia. Ukaja tena. Ukafifia. Kimo chake ni cha mtu aliyepiga magoti, anangoja wamzoee.

Nilifuta kwa leso. Ukarudi.

Siku hiyo nililibeba lile tangi na kila kilichomo, nikapita mbele yao uani na hakuna aliyeniuliza. Fulu walikufa zamani na maji niliyamwaga. Liko kwangu, kando ya cherehani, kavu. Nimelikagua kwa taa na kwa jua, halina ufa wala unyevu. Lakini kila nikiketi kushona kioo kimoja hufanya ukungu, upande wa nje, mahali palepale. Siku hizi sifuti. Navuta kigoda karibu, nashona, na namwongelesha mdogo wangu kwa lugha ya nyumbani.