Mistari Mitano ya Mtoto

Kwaru, kwaru, kwaru. Wembe ulikuwa ukichonga penseli jikoni, na jogoo hata hajawika. Mlio huo niliusikia kila alfajiri, maana mjukuu wangu huamka kabla yetu sote. Huchonga penseli mara tatu nne, huwasha jiko, hubandika maji ya mama yake ya kuoga, kisha hujaza ndoo kabla ya kwenda shule. Hakuna anayemtuma. Tangu miguu ya mama yake ilipoanza kuvimba, alijitwalia kazi ya zile ndoo kimya kimya.

Ana miaka kumi na miwili. Baba yake humwita Karani, kwa sababu haachi kitu bila kukiandika.

Mama yake, ambaye ni binti yangu, alikuwa na mimba ya miezi minane na siku kadhaa. Mkunga wa kituo cha afya alikuwa amemwagiza kwamba kila jioni baada ya kula alale ubavu wa kushoto, ahesabu mtoto anavyocheza tumboni. Akifikisha mara kumi, vizuri. Muda wa saa mbili ukipita bila kumi, waende kituoni papo hapo, wasisubiri kuche. Lakini binti yangu ni fundi cherehani. Akishinda akishona sare za shule, kichwa kikigusa mto tu, usingizi unambeba. Basi Karani akaiomba kazi hiyo. Aliweka kiganja juu ya tumbo la mama yake, daftari likiwa gotini, na kila mtoto alipocheza aliandika mstari mmoja wa shairi. Ubeti wake wa kwanza naukumbuka mpaka leo:

Umegonga taratibu,
Nami nakupa jawabu:
Nipo hapa, ni karibu,
Njoo, usione tabu.

Mtoto alikuwa mchangamfu, hakuishia kumi. Kila jioni Karani aliandika mistari kumi na miwili, beti tatu kamili, ndipo akafunga daftari. Baba yake, ambaye ni mwashi, alirudi kazini akiwa na saruji hadi kwenye nyusi. Alinawa mikono mara tatu, akaifikicha ipate joto, kisha akaiweka juu ya tumbo la mkewe.

"Karani, mgeni wetu leo kasemaje?" aliuliza.

Akishasomewa, aliliinamia tumbo na kulinong'oneza kwamba kitanda kiko tayari, ila paka ametangulia kukilalia. Binti yangu alicheka mpaka tumbo likatikisika, na Karani akalalamika kwamba wanamharibia hesabu.

Mwalimu wa Kiswahili alizipenda beti hizo. Akamwambia alete mashairi saba, ya siku saba, ayasome mbele ya shule nzima siku ya Ijumaa.

Sasa, alfajiri ya Ijumaa hiyo, wembe haukunyamaza. Nilihesabu mikwaruzo ishirini, nikainuka. Nilimkuta amekaa chini, maganda yamejaa mapajani, penseli imebaki fupi kama kidole gumba. Jiko lilikuwa baridi.

Nilikaa kando yake, nikamfunika bega kwa upande wa shuka langu. Akanisukumia daftari.

"Bibi, mistari saba ya mwisho si ya mtoto," alisema. "Ni yangu."

Kisha yote yakamtoka kwa mpigo. Jioni iliyopita mtoto alikuwa amecheza mara tano tu. Karani alingoja, akabonyeza tumbo kidogo, akangoja tena mpaka muda ukapita. Mama alikuwa amelala fofofo, na shairi la saba halijatimia. Akajiambia kwamba labda mtoto naye amelala. Akaijaza mistari iliyobaki, na mama alipozinduka akamwambia ni kumi na mbili, kama kawaida.

Niliishusha sauti. Nilimwambia amefanya vyema kusema, na kwamba sasa hatukai. Tulimwamsha mama yake. Alijishika tumbo, akatulia kidogo, akasema polepole kwamba tangu jioni hajamsikia.

Mkwe wangu alitoka bila viatu kumgongea jirani yetu mwokaji, ambaye saa hizo hupakia mikate garini. Mwokaji hakuuliza maswali. Alishusha nusu ya trei pale pale kando ya barabara, akatandika magunia safi, tukaondoka katikati ya harufu ya mikate ya moto. Wateja wake walichelewa kupata mkate siku hiyo, na yeye hajalitaja jambo hilo mpaka leo.

Mkunga aliweka kifaa chake cha kusikilizia tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena. Kisha akainua kidole. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga, lakini ulikuwa umechoka, na hapakuwa na la kungoja. Daktari aliitwa, na kabla ya saa tatu asubuhi mtoto akatolewa kwa upasuaji. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Alikuwa msichana, mdogo wa mwili, mwenye sauti ya mnadi sokoni. Baba yake alisimama pale miguu mitupu, akicheka huku machozi yakimtoka.

Mkunga alipotoka aliuliza nani alikuwa akihesabu. Karani alisimama, akaeleza yote, hata ile kumi na mbili ya uongo. Mkunga alivuta kiti, akakaa ili macho yao yalingane.

"Jana ulikosea, na kosa lenyewe si dogo," alimwambia. "Mtoto hakuwa na mdomo wa kutuambia kwamba ana shida. Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wake, ukamsemea asichosema. Lakini leo umesema kweli kabla hatujachelewa, ingawa ulijua utaaibika. Ndiyo maana unamsikia akilia huko ndani. Ukikabidhiwa kuhesabu, andika ulichokiona, hata kikiwa pungufu, hata kikikuharibia shairi."

Tuliporuhusiwa kuingia, Karani alimwekea mdogo wake kiganja tumboni. Mtoto akamsukuma kwa mguu.

"Bibi," alininong'oneza, "hiyo ni ya sita."

Wiki iliyofuata alimweleza mwalimu ukweli, akafuta mistari saba, akasoma mbele ya shule ile iliyobaki:

Leo waamka pole,
Wasukuma huku, kule,
Chumba kimejaa tele,
Na mlango uko mbele.
Sema tena, nasikia.

Wanafunzi walingoja mstari mwingine, haukuja. Mkunga naye aliomba nakala, akaibandika ukutani, juu ya benchi wanaposubiri wajawazito. Tulipompeleka mtoto kuchanjwa, mwanamke mmoja kijana, mwenye mimba yake ya kwanza, aliuliza kwa nini shairi lile limekatika. Karani alimweleza bila kujificha, akiwa amempakata mdogo wake. Mwanamke yule alijishika tumbo, akasikiliza, kisha akatabasamu.

"Jumatano ijayo nitakuwa hapa," alimwambia. "Uje tena, mdogo wangu. Nitakuambia wangu amecheza mara ngapi."