Maji ya Rejeta

Gari haliwezi kuchemka na kuganda kwa wakati mmoja. Hilo hata asiyejua breki iko wapi analijua. Lakini asubuhi ile, huku mvuke ukifuka kwenye rejeta ya lori la Mzee Nelson, mashine ya kupimia ilimwambia Anyelwisye kwamba maji ya injini yalikuwa baridi kama ya mtoni. Akafuta kioo cha mashine kwa shati, akapima tena. Baridi ile ile.

Anyelwisye alikuwa fundi umeme wa magari pale Tukuyu, na mtaji wake haukuwa spana wala mashine, ulikuwa jina. Mafundi wengine ukiwaachia gari unalala jicho moja wazi. Kwake ungeacha hata pochi. Akasema sensa ya joto imekufa, akafungulia maji ya rejeta ili aibadilishe. Kwa lori kuukuu namna ile ungetegemea maji ya kutu, mekundu kama chai ya rangi. Haya yalitoka maangavu, safi, yenye harufu ya tope la kilindini, lile ambalo jua halijawahi kulifikia. Fundi alistaajabu, ila hakuwa mtu wa kumwaga kitu kizuri. Maji safi hivyo mafundi huyaweka kwa ajili ya betri. Wengi hukinga hata ya mvua. Akajaza kidumu, akaweka sensa mpya, akatia rejeta maji ya bomba. Yaliyobaki tumboni mwa injini hakuyafikiria. Jioni akabeba kidumu chake nyumbani, akaongezea betri ya sola.

Lori halikumaliza wiki. Lilirudi taa ya injini ikiwaka, na sasa mashine ilitoa namba juu ya namba: hitilafu ya joto, ya hewa, ya mafuta. Alizisoma mojamoja, kisha akazirudia tena, maana sensa zote, mpya na za zamani, zilikuwa zinasema jambo moja, kwamba zimezama mahali penye baridi na uzito mkubwa. Injini ilikuwa imezimwa. Hata hivyo ndani ya mipira ya maji kulikuwa na kitu kinachogugumia, kinanyamaza, kisha kinagugumia tena taratibu, kama mtu anayekunywa kwa kificho huku akisikiliza kama kuna anayemsikia.

Nelson hakusikia chochote. Mzee yule wa Kawetele hushuku hata kivuli chake, na siku hiyo alishuku mbele ya gereji nzima. Alisema sensa zake nzima zimechomolewa, akawekewa mitumba. Mafundi wakaacha kazi kusikiliza. Anyelwisye aliona jina lake likizikwa mchana kweupe, na uchungu ulivyompanda akafanya jambo ambalo mtu mzima halifanyi ovyo.

"Kama nimetoa kitu kwenye gari hili nikapeleka kwangu," alisema, "Atupele wangu asiione kesho."

Atupele alikuwa binti yake wa pekee. Nelson mwenyewe akatazama chini.

Hapo Yunusu, dereva wa lori, akamvuta fundi nyuma ya bodi na kumnong'oneza. Alikuwa anapakia ndizi Kisiba, gari likachemka katikati ya ukungu, naye akashuka na ndoo hadi kwenye lile ziwa la shimoni. Wenyeji hawachoti pale bila kuomba kwanza. Yeye alichota tu, maana alikuwa na haraka. Tangu siku ile, kioo cha pembeni kilimwonyesha mtu aliyelowa chepechepe, ameketi juu ya mikungu.

"Ningesema, wangeniona nimerukwa na akili," alisema.

Wakalipeleka lori kwa Bibi Asia, mtaalamu wa majini. Nelson alifuatana nao mikono kifuani, akidhani wawili hawa wamepanga. Bibi aliweka kiganja kwenye rejeta, akakiondoa upesi. Maji haya yana mwenyewe, aliwaambia. Hayamwagwi chini. Yanarudishwa yalikotoka, yote, na msamaha unaombwa.

Walifika Kisiba mchana pamoja na bibi, lakini ukungu ulikuwa umelala ziwani hata ng'ambo haionekani. Fundi alikamua injini mpaka tone la mwisho, Yunusu akamimina beseni polepole huku akiomba radhi. Ziwa liliyapokea bila hata kiwimbi kimoja.

"Yamerudi yote?" aliuliza bibi.

Kidumu kikamjia Anyelwisye kichwani. Akafungua mdomo, akakutana na macho ya Nelson. Akisema kweli, kile kiapo kingemgeukia hapo hapo na angeitwa mwizi mpaka kaburini. Alijiambia kesho atakuja peke yake, kimyakimya, amalize.

"Yote, bibi."

Bibi Asia aliliinua beseni tupu. "Haya. Umesema wewe."

Lori lilipotiwa maji mengine na kuwashwa, mashine haikutoa tena namba hata moja. Nelson alimshika fundi mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, na njiani akamsifu kwa kila waliyekutana naye. Jina lilikuwa limetakata.

Giza lilikuwa linaanza kuingia alipoiona nyumba yake. Taa ya sola ilikuwa inawaka, lakini mwanga wake ulikuwa wa kijani kibichi kama wa chini ya maji, na alipoingia akapokewa na harufu ya tope la kilindini, akaiendea betri mbio akijua kabla hajaigusa kwamba maji yale yamekwisha kuchanganyika na asidi na hakuna fundi wa kuyatenganisha, akang'oa waya wa kwanza, akang'oa wa pili, na taa ikaendelea kuwaka, na ndani ya betri kitu kikagugumia, kikanyamaza, kikasikiliza.

"Baba Atupele," mkewe Jenifer aliita chumbani kwa sauti ndogo. "Njoo umguse mtoto."

Alikuwa amempakata, amemviringisha mablanketi yote ya nyumba. Anyelwisye aliweka mkono kwenye paji la uso, akauondoa. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyo jikoni.

"Anachemka," alisema.

Mtoto alifumbua macho. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Baba," alisema, "huku chini kuna baridi."