Uso wa Ukurasa wa Ishirini

Mchoraji alikuwa kwenye foleni ya duka la kupiga chapa, amekuja kuchukua kadi za harusi ya dada yake, alipomwona mpenzi wake kaunta. Asubuhi hiyo hiyo jamaa alimpigia simu kwa sauti ya kukwaruza: homa imemlaza, mahabuba asihangaike kuja. Homa gani hiyo inayovaa shati la bluu lililopigwa pasi? Alikuwa wima, mzima wa afya, akimkabidhi fundi wa mashine kurasa za kitabu chao.

Kitabu chenyewe ni cha katuni, cha mwanamke mwenye nguvu za ajabu anayezuia magorofa yasianguke. Mchoraji huchora, na mpenzi wake, ndiye mwandishi, huandika na kubandika viputo vya maneno. Tangu wapendane waliwekeana sharti: ukurasa wakishaukubali wote wawili, hauguswi.

Akachungulia. Ukurasa wa ishirini ulikuwa umeguswa. Pale shujaa anapovua kinyago nyuma ya mwanamume aliyempa mgongo, palibandikwa kiputo kikubwa kama sahani, kimejaa hotuba. Kilichobaki ni kidevu tu. Uso ule alikuwa ameuchora siku tatu, na damu ikamchemka.

"Homa imepoa?" aliuliza.

Mwandishi aligeuka, akaanza kubabaika. Eti wasomaji wasingeelewa picha tupu, eti alitaka kumshangaza. Foleni nzima ikatega masikio.

"Kwa makusudi sikuacha nafasi ya maneno pale," mchoraji alisema. "Kurasa kumi na tisa nimekubebea hadithi yako. Mmoja ulikuwa wangu, na umenifunika uso."

"Si uso wako, ni wa shujaa."

"Nitazame, kisha urudie."

Mwandishi akainamisha macho. Ulikuwa uso wa mchoraji, macho yamevimba, ule wa siku mwandishi alipomwambia mambo ya ndoa yasubiri, tena akiwa anafunga kamba za viatu bila kuinua kichwa. Aliutambua tangu alipouona mchoro. Ndiyo maana akajidai mgonjwa, kitabu kichapwe kabla mchoraji hajajua.

"Niliona haya," alisema. "Kila nikiufungua ukurasa huu naona nilivyokuliza. Sikuweza kuutazama."

"Niliuchora ili uutazame."

Fundi, aliyekwisha kuchoka nao, akauliza achape au asichape. Mwandishi akaingiza ukucha chini ya kiputo, akakibandua taratibu, uso usichanike. Safari hii aliutazama mpaka machozi yakamlenga. Kisha akatoa simu, pale pale kaunta, akampigia baba yake mchoraji. Akamwamkia, akaomba Jumamosi aje na mjomba wake kumposa binti yake. Alisema pia kwamba amechelewa, na kwamba kosa ni lake.

"Bado nimekasirika," mchoraji alisema simu ilipokatwa.

"Najua, mpenzi."

"Hujui. Utajua."

Akachomoa kalamu yake ya wino kwenye mkoba, akamwinamia yule mwanamume wa mchoroni aliyempa shujaa mgongo. Kwa mistari michache akamgeuza kidogo, sikio likaonekana na kipande cha shavu. Hapo akafunika kalamu.

Mwandishi akamwomba ammalizie basi, amchore akimtazama mwenzake usoni.

"Hapo ndipo ulipofika," mchoraji alimjibu, akamsukumia fundi ukurasa. "Chapa hivyo hivyo."