Mbao za Kisima cha Ansel

Uvumi ule Delphia Tackett hakuweza kuutoa kichwani, hata akiwa anakanda unga. Mchunga ng'ombe mpita njia, akila maharage mezani kwao, alisema kwamba zamani mapadri wa Kihispania walizika mizigo kumi na saba ya fedha karibu na Mwamba wa Tundu, ule uliosimama mbele ya nyumba yao. Jua likichomoza, eti, hupenya tunduni na kuonyesha mahali.

Kabla ya hapo walikuwa wametulia, ndugu zangu. Mumewe, Ansel, alikuwa amechimba kisima kirefu kuliko vyote katika bonde lile kavu, akakizungushia mbao kwa ndani ili mchanga usiporomoke. Binti yao Nettie alikunywa, ng'ombe wanne walikunywa.

Sasa Ansel akawa mtu wa kuchimba mwambani tu. Shimo lake lilipoanza kumwagikiwa na mchanga, akaja kisimani na nyundo.

"We Ansel! Hizo mbao unazipeleka wapi?"

"Naziazima, mama Nettie. Ukishavaa hariri utaniomba radhi."

"Hariri nitaifua kwa maji gani?"

"Njoo kwanza uone jua likichomoza. Ukisema hapana, naziacha."

Alfajiri mwali mwekundu ulipenya tunduni, ukanyooka juu ya ardhi kama kidole cha Mungu, ukatua palepale penye shimo. Delphia alisahau ng'ombe, akasahau hata mtoto. Hapana hakuisema, na Ansel akazing'oa mbao.

Siku ya tano ardhi ilinguruma. Nettie alirudi na ndoo tupu. "Mama, kisima kimejifukia."

Shimoni hamkuwa na kitu. Wiki sita walisomba maji kwa jirani, maili nane, hakuna aliyeutazama tena mwamba. Ng'ombe wakaisha.

Asubuhi ya kuhama, wakiwa juu ya gari la nyumbu, mwali ulitokea tena. Haukutua shimoni. Ulitua kisimani.

"Unaonyesha kisima," Ansel alinong'ona.

"Jua linatembea, baba Nettie. Tungekaa kidogo, lingenionyesha hata jiko langu."

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, haya tuyaepuke:

Usibomoe kinachowanywesha watoto wako.

Usiamini hazina ya mgeni ambaye mwenyewe hakubaki kuichimba.

Usiite kuazima kile ambacho nyumba haiwezi kukaa bila kuwa nacho hata siku moja.

Usinyamaze kwa kuwa umeona ajabu. Staajabu, kisha useme hapana.