Koleo la Luseno na Meno ya Khavere

Nisikilizeni, majirani zangu wa Makongeni, nanyi wa Mowlem na Eastleigh mlio na watoto. Haya ninayoyasema hayakutokea mbali. Yalitokea mlango wa pili kutoka kwangu, na mimi Lela, mnayeniita Mama Hikma, niliyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Mwaka wa 1995 hapakuwa na nyumba yenye amani kwenye safu yetu kuliko ya Luseno. Luseno alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya reli. Jumapili, kanisa likishamwagika, angekaa barazani na sanduku lake la vifaa, na majirani wangempelekea pasi zilizokufa, redio zilizobaki kukoroma na majiko ya mafuta ya taa yanayotoa moshi. Mkewe Muhonja angekuwa kando anachambua mboga ya mrenda. Binti yao wa pekee, Khavere, wa miaka kumi na minne, angekuwa mlangoni anafanya mazoezi ya nyimbo za kwaya. Mtoto huyo kikimharibikia kitu, kiwe ni kiatu au kifungo cha mkoba, alikuwa hana wasiwasi.

"Baba, kiatu changu kimeachama."

"Lete," Luseno angesema, bila hata kuinua kichwa. Na kiatu kilipona.

Sauti Khavere alikuwa nayo, ila meno yake ya juu yalichomoza sana. Wahuni wa mtaa walimpa majina ambayo sitayarudia hapa. Akawa anaimba amefunika mdomo kwa kiganja, na nusu ya sauti inabaki mkononi. Kwa hiyo kliniki moja ya mafunzo huko mjini ilipokubali kumwekea vyuma vya meno, sote tulifurahi kama tumealikwa harusi. Vifungo vidogo vya chuma viligandishwa kwenye meno yake, kimoja kwa kila jino, na waya mwembamba ukapitishwa juu yake ili uyavute polepole.

Muhonja alinisimulia alivyoonya daktari wao, Daktari Waruguru. Mtoto asitafune miwa, wala mahindi ya kuchoma, wala njugu, wala chingamu. Apige mswaki kila baada ya kula, maana chakula hujificha nyuma ya vyuma na kuozesha jino. Waya ukimchoma shavuni apake ile nta aliyopewa, kisha arudi kliniki. "Na kifungo kikitoka, mrudi," daktari alisema. "Hata kama kosa ni lenu, mrudi tu. Mimi simli mtu."

Miezi ikapita, na meno yakaanza kutii. Siku moja nilikuwa namsubiri Muhonja nje ya kanisa lao, mimi Muislamu wa watu, nikasikia sauti inatoka dirishani safi kabisa, haijazibwa na kitu. Nilichungulia. Khavere alikuwa amesimama mbele ya kwaya, mikono yake yote miwili imeshuka chini. Sioni haya kusema kwamba nililia.

Lakini raha ya maskini haikai. Kweyu, mdogo wake Luseno, alikuja kutoka nyumbani magharibi amebeba mzigo wa miwa begani. Mnajua desturi. Mgeni akikuletea kitu kutoka nyumbani, unakila mbele yake, aone kimepokewa. Kweyu akammenyea Khavere pingili nono.

"Baba mdogo, nimekatazwa," mtoto akasema.

Kweyu akacheka. "Umekatazwa na nani? Siku hizi miwa ya nyumbani ni sumu?"

Khavere akamtazama baba yake. Luseno hakutaka kuaibika mbele ya ndugu yake. "Tafuna kidogo tu, mama," akamwambia. "Kidogo hakidhuru."

Kifungo cha jino la mbele kiling'oka alipong'ata mara ya kwanza tu. Waya ukakosa pa kushika, ncha yake ikachomoka na kumdunga shavu. Kelele za mtoto zilinifikia jikoni kwangu, nami nikatoka mbio.

"Kesho asubuhi kliniki," Muhonja alisema.

"Tukaseme nini?" Luseno akauliza. "Kwamba tumemlisha muwa? Tugombezwe kama watoto wa nasari?"

"Daktari alisema hata kama ni kosa letu, Baba Khavere."

"Wanasema hivyo. Ukifika wanakutazama juu mpaka chini." Akavuta lile sanduku. "Hiki ni chuma, Mama Khavere. Mimi nimeshika chuma kabla sijakuoa." Kisha akamgeukia binti yake na kusema lile neno alilolizoea. "Lete."

Na Khavere akapeleka mdomo wake. Kwa nini asipeleke? Baba yake hakuwa ameshindwa na kitu tangu azaliwe.

Luseno alikata ncha ya waya kwa koleo, na maumivu ya shavu yakaisha. Laiti angeishia hapo na kesho yake wakaenda mjini! Lakini sifa ilimpanda kichwani. Akafungua kopo lake, akatoa waya mwembamba wa mota mbovu, akauzungusha kwenye shingo za meno mawili ya mbele, karibu kabisa na ufizi, akausokota kwa koleo. Ikawa kila Jumapili anausokota tena. Mtoto akiruka kwa maumivu, anaambiwa atulie.

"Wale wa kliniki wanakaza kidogo kidogo, wanapoteza wakati," alituambia. "Mimi nitamaliza mapema."

Nilishindwa kunyamaza. "Baba Khavere, jino si nati. Lina mizizi, na lina damu."

"Mama Hikma, wewe kaanga mahamri yako. Kazi ya chuma niachie mimi."

Maneno hayo yaliniuma, na nilirudi kwangu nimenuna. Sikio la kufa halisikii dawa. Muhonja naye alisema mpaka akachoka. Kliniki hawakurudi tena, kwa maana sasa walikuwa na mambo mawili ya kuficha, muwa na ule waya.

Mbaya zaidi, meno yalirudi nyuma kweli. Luseno akawa anamwita Khavere mbele ya wageni. "Fungua mdomo waone kazi." Wageni wakapiga makofi. Hakuna aliyeutazama ufizi, uliokuwa mwekundu na kuvimba, wala hakuna aliyejua kwamba mtoto ameacha kupiga mswaki kwa sababu kila akiugusa unatoka damu.

Aliyejua ni Hikma wangu, rafiki yake wa chanda na pete. Alikuja kwangu siku moja amebeba siri iliyomlemea. Khavere alikuwa amemwambia, "Usimshow mathe, tafadhali. Mbuyu anasema nitazoea." Yaani asimwambie mama; mbuyu ndilo jina watoto wetu wanalowaitia baba zao siku hizi.

"Atazoea nini?" nikauliza.

"Meno yanacheza, mama. Anayasukuma na ulimi yanakwenda. Na mdomo unamnuka."

Sikuvaa hata viatu. Tulimkuta Khavere amelala, uso umevimba mpaka jicho moja limefumba. Muhonja alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, tukaenda mjini naye, na Luseno, aliyepelekewa habari karakana, akatukuta huko huko na ovaroli yake ya kazi.

Daktari Waruguru alitazama kwa muda mrefu. Ule waya hakuuona kwanza, kwa sababu ulikuwa umeteleza na kuzama ndani ya ufizi. Ulikuwa umepanda na mzizi, usaha umejaa, na mfupa unaoshikilia meno umelika.

"Nani aliweka kitu hiki?"

Luseno akasema, "Mimi."

"Kwa nini hamkurudi?"

"Tuliona haya, daktari. Alitafuna muwa. Mimi ndiye nilimwambia atafune."

Daktari hakumgombeza, na nadhani hilo ndilo lililomvunja Luseno. Alisema tu kwa huzuni, "Kile kifungo ningekirudisha kabla chai yangu haijapoa." Meno yote mawili ya mbele yaling'olewa. Yalikuwa mazima, hayana hata tundu moja.

Usaha ulitibiwa na uso ukarudi. Khavere hakurudi kwenye kwaya. Kiganja kilirudi mdomoni. Baadaye alitengenezewa meno mawili ya bandia ya kuvaa na kuvua.

Sasa ngoja niwaambie kilichoniuma kuliko yote. Jumapili moja nilikuwa barazani kwangu. Luseno alikuwa kwake, na pasi ya mtu mapajani. Khavere akatoka ndani amefunika mdomo, na mkono wa pili umefumbata leso. Yale meno ya bandia yalikuwa yamepasuka.

"Nini hicho, mwanangu?"

"Hakuna kitu, baba."

Nilimwona Luseno akifungua mdomo aseme neno lake. Hakulisema. Khavere alipita mbele yake, akamfuata mama yake barabarani, wakaenda zao kliniki. Luseno alikaa pale na ile pasi, hakuigusa mpaka waliporudi.

MAFUNZO

Wazazi wenzangu, Luseno hakuwa mlevi wala katili. Alimpenda binti yake, na meno aliyaharibu kwa mikono hiyo hiyo ya mapenzi. Ufundi wa kazi yako si ufundi wa kila kazi. Mtoto akivishwa vyuma vya meno, mwekeni mbali na miwa na kila kitu kigumu au kinachonata, hata kama mgeni atanuna. Mgeni ataondoka, meno ni ya mtoto. Simamieni mswaki wake, tazameni ufizi wake, na akisema anaumwa msimwambie atazoea.

Na mkikosea, msifiche. Aibu ya siku moja mbele ya daktari inapita. Leo mtu akimletea Luseno chombo, anatengeneza kama zamani, lakini mzazi akipita na mtoto mwenye vyuma mdomoni, anaacha kazi na kusimama. Anamwambia, "Kikitoka kitu, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo. Mkigombezwa, gombezweni."