Madirisha Yaliyogoma Kucheza

Kila siku akitoka shule, Vaileth alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akaenda kumsaidia mama yake dukani. Duka lilikuwa mbele ya nyumba yao, Ukonga: chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, madaftari, kalamu, na kompyuta moja ambayo mama yake alichapia barua za watu. Wateja wakiisha, Vaileth aliruhusiwa kuitumia.

Alikuwa darasa la saba, na kompyuta aliijua kweli. Tatizo lake lilikuwa mdomo. Katika klabu ya kompyuta ya shule aliwaambia wenzake kwamba amefuta Windows, mfumo unaoendesha kompyuta ya dukani, na kuweka mfumo mwingine, Linux, peke yake. Akaongeza kwamba madirisha ya programu kwenye Linux yake ukiyavuta yanatikisika kama tumbo la mpishi wa shule.

Ukweli ulikuwa mwingine. Windows ilikuwepo, tena nzima, maana angeifuta, mama yake angemfuta yeye. Linux aliiweka ndani ya kompyuta pepe, yaani programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta halisi. Na madirisha yake hayakutikisika hata kidogo. Yalikaa wima kama askari magereza kwenye gwaride.

Mwalimu Lusungu, mlezi wa klabu, alishasema: "Jumamosi saa nne tunakuja kuyaona. Yakitikisika, Vaileth ndiye atakayeonyesha kazi ya klabu siku ya wazazi. Yasipotikisika, ataonyesha Muhannad."

Ijumaa mchana mama alikwenda kununua karatasi. Vaileth akampigia Fundi Valerian, mtengenezaji wa kompyuta wa mtaa ule. Bahati mbaya, Muhannad naye alikuwa dukani, ametumwa kutoa kopi ya kitambulisho cha baba yake. Simu ya dukani ilikuwa mbovu, ilisikika kwa spika tu.

"Shikamoo, fundi. Nimewasha madoido yote ya skrini, lakini madirisha hayatikisiki."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo Linux iko peke yake, au iko ndani ya kompyuta pepe?"

Vaileth akamwangalia Muhannad. Muhannad akatega sikio.

"Peke yake, fundi. Windows nilishaifuta."

"Basi huenda kadi ya picha imelegea. Zima, chomoa umeme, fungua ubavuni, ikandamize."

Muhannad alipoondoka, Vaileth akafungua kompyuta. Kadi ya picha hakuiona, kwa sababu haikuwepo. Aliona vumbi, mende mmoja aliyekuwa akiishi humo bila kulipa kodi, na kibao chembamba cha kijani. "Hii hapa!" akasema. Ilikuwa ni RAM, kumbukumbu ya kompyuta. Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha upande mmoja umekaa na mwingine unaning'inia. Akawasha.

Piii! Piii! Piii! Skrini ikabaki nyeusi. Mama akaingia na karatasi zake.

"Wewe! Umeifanya nini?"

"Mama, nilikuwa natengeneza kompyuta pepe..."

"Pepo?"

"Pepe, mama!"

"Pepo ndani ya kompyuta yangu ya kazi! Ndiyo maana inapiga mayowe!"

Mlangoni alikuwa amesimama mteja aliyefuata barua yake ya kuomba kazi. Akarudi nyuma hatua tatu, akasema atapita wiki ijayo.

Jumamosi saa mbili asubuhi Fundi Valerian, aliyeitwa na mama, alifika na mkoba wake. Akasikiliza ile milio, akaikandamiza RAM kwa dole gumba. Kompyuta ikawaka. Windows ikatokea.

Fundi akaitazama. "Aisee. Hii si marehemu? Imefufuka lini?"

Vaileth akainamisha kichwa. "Niliongopa, fundi. Muhannad alikuwa anasikia. Linux iko ndani ya kompyuta pepe."

"Ungesema hivyo jana, nisingekufungulisha kompyuta ya watu. Kompyuta pepe haina kitu cha kukandamiza. Inaazima nguvu za hii halisi, ila mpaka uiruhusu."

Wakaizima ile kompyuta pepe, wakafungua mipangilio yake ya skrini, wakaongeza kumbukumbu ya picha mpaka mwisho, wakaweka tiki kwenye kisanduku cha kuruhusu picha za 3D. Kisha wakaiwasha na kuweka programu ndogo inayoiunganisha na kompyuta halisi. Wakaizima na kuiwasha tena. Vaileth akashika dirisha moja, akalivuta. Likatikisika!

"Na yana kazi gani hayo?" mama akauliza.

"Hayana kazi, mama. Yanapendeza tu."

Mama alimtazama, akaenda kuchemsha chai ya fundi.

Saa nne klabu ikafika. Linux ilijaa skrini nzima, Windows haikuonekana. Muhannad akalivuta dirisha kulia, akalivuta kushoto.

"Duh! Kwa hiyo Windows kweli umeifuta?"

Fundi Valerian akashusha kikombe cha chai. Vaileth angeitikia kwa kichwa tu, hakuna ambaye angejua. Badala yake akabonyeza kitufe, Linux ikasinyaa, na Windows ikaonekana nyuma yake.

"Sijaifuta. Niliwadanganya. Linux iko ndani yake."

"Kumbe ulikuwa unatupiga fiksi!" Muhannad akacheka mpaka akashika kaunta. Kisha akalivuta dirisha tena, taratibu. "Lakini yanatikisika. Nifundishe na mie. Baba hawezi kuniruhusu nifute Windows yake."

"Hata sie!" wengine wakadakia.

Mwalimu Lusungu akatabasamu. "Siku ya wazazi utaonyesha wewe, Vaileth. Na utaanza kwa kueleza ulipokosea."

Fundi Valerian akasimama, akachukua mkoba wake. "Sikilizeni, nyie watoto. Mwenye kuumwa tumbo akimwambia daktari anaumwa jino, atang'olewa jino zima, na tumbo litaendelea kumuuma. Ukitaka kusaidiwa, sema jambo lilivyo, hata kama kuna mtu anasikiliza."