Nafasi Tano Mwanzoni mwa Aya

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wote walikimbilia langoni, isipokuwa wasichana wawili wa darasa la sita. Hao walikimbilia chumba cha kompyuta. Zamani chumba hicho kilikuwa stoo. Sasa kilikuwa na kompyuta sita, mbili kati yake zimekufa kabisa, na feni ya dari iliyozunguka pale ilipojisikia.

Msichana wa kwanza aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Wa pili aliitwa Pacha. Kwao hakuwa na pacha yeyote. Jina hilo alilipata kwa kuandamana na Chiriku tangu darasa la kwanza: dawati moja, mwavuli mmoja, hata adhabu walipewa moja.

Muhula huo shule ilikuwa inatayarisha jarida lake la kwanza. Hadithi za wanafunzi zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, nyingine kwa mwandiko wa kutambaa kama sisimizi, na wawili hao walipewa kazi ya kuzichapa kwenye kompyuta. Mwalimu wa kompyuta, mama mfupi asiyepandisha sauti hata akikasirika, aliligawa rundo la karatasi mafungu mawili.

"Kila mmoja ana kurasa ishirini," alisema. "Ijumaa nitazitazama. Atakayefanya kazi safi zaidi ndiye atakayekuwa mhariri wa jarida, na nitakwenda naye kwenye kiwanda cha uchapaji siku litakapochapwa. Wameniruhusu mwanafunzi mmoja."

Moyo wa Chiriku uliruka. Baba yake alikuwa mshona vitabu katika kiwanda hicho kwa miaka tisa, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka lango. Kila alipompelekea baba yake chakula cha mchana, mlinzi alikipokea na kumwambia, "Haya, rudi nyumbani, mtoto mzuri." Kuingia mle kwa mlango wa mbele, akiwa na shughuli yake, baba yake akamwona! Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

Lakini shuleni alikuwa akisimulia mengine. Huko alitia chumvi mpaka ikazidi. Alisema mashine za kiwandani anazijua zote, na kwamba siku moja aliwahi kubonyeza kitufe mwenyewe, vitabu vikaanza kumiminika. Pacha alikuwa akimsikiliza kinywa wazi.

Basi Chiriku alichapa kwa bidii. Kila alipoanza aya mpya, alibonyeza kitufe kirefu cha nafasi mara tano ili mstari wa kwanza uingie ndani. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na shangazi yake, aliyekuwa karani wa kupiga taipu kabla ya kustaafu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akichoka, alijikuta amebonyeza nne au sita, anafuta, anaanza tena.

Jumatatu hakufika shuleni kwa sababu ya jino. Aliporudi Jumanne, shavu bado limevimba, alishangaa kuona Pacha amemwacha mbali.

"We Pacha, mbona unakimbia hivyo? Aya zako unaziingizaje ndani?"

Pacha alisogeza bega lake mbele ya skrini. "Si kama wewe tu. Nahesabu tano."

"Basi vidole vyako vina injini," Chiriku alisema, akacheka mpaka jino likamuuma. Pacha naye alicheka, ila kidogo.

Ijumaa mchana mwalimu aliwaita wote wawili, na wenzao kadhaa wakaja kuchungulia. Alifungua kazi ya Pacha kwanza. Aliisawazisha pande zote mbili, kushoto na kulia, kama kurasa za kitabu zinavyotakiwa kuwa. Aya zote zilibaki zimepangana vizuri. Kisha akafungua kazi ya Chiriku na kufanya vilevile. Nafasi alizozihesabu kwa vidole zilivutika, nyingine sana, nyingine kidogo. Kila aya ikaanzia pake. Ukurasa ulionekana kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Watu waliangua kicheko.

"Chiriku," mwalimu alisema taratibu, "kwa nini hukutumia rula ya pale juu ya ukurasa? Jumatatu, siku ambayo hukuwepo, nilimwonyesha mwenzako. Nikamwagiza akuonyeshe na wewe."

Chiriku alimgeukia Pacha. Alingojea aseme, "Samahani, nilisahau." Kusahau angemsamehe papo hapo.

"Nilimwonyesha, Mwalimu," Pacha alisema huku akiutazama ukuta. "Akasema ya shangazi yake ndiyo sahihi. Hakutaka kunisikiliza."

Chiriku aliyeweza kusema kutwa nzima bila kumeza mate, siku hiyo ulimi ulimganda. Kilichomuuma si kicheko cha wale watoto. Kilichomuuma ni kwamba uongo ule ulitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekula naye, kucheka naye na kunong'ona naye siri zake zote kwa miaka sita. Mwalimu alipotangaza kwamba mhariri ni Pacha, Chiriku alichukua begi lake na kutoka. Hakusubiri mtu wa kuandamana naye.

Nyumbani alijifungia chumbani, akalia mpaka mto ukalowa. Baba yake aliporudi, vidole vyake vikiwa vinanuka gundi kama kawaida, aliketi ukingoni mwa kitanda na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Amenisaliti, Baba. Simtaki tena maishani mwangu!"

"Una haki ya kuumia, mama," baba alisema. Hakumharakisha. Baada ya muda akauliza, "Na zile kurasa zako zikoje sasa?"

"Zimeharibika zote."

"Basi zina jina lako na zimeharibika. Mimi nikishona kitabu kikafumuka, siwezi kukiacha mezani hata kama mwenzangu ndiye aliyenifichia sindano. Kesho nenda kamwombe mwalimu akufundishe, uzitengeneze. Si kwa ajili ya kwenda kiwandani. Ni kwa sababu ni kazi yako."

Chiriku hakupenda kuyasikia hayo, lakini Jumamosi asubuhi alikwenda. Alimkuta mwalimu peke yake, akipangusa vumbi kwenye kibodi.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unionyeshe hiyo rula."

"Marahaba. Si ulionyeshwa ukakataa?"

Chiriku alitikisa kichwa tu. Mwalimu hakuuliza zaidi. Alivuta kiti, akachagua aya zote za ukurasa, akashika kwa kipanya alama ndogo ya pembetatu iliyokuwa sehemu ya juu ya rula na kuivuta kulia kidogo. Mistari ya kwanza yote iliingia ndani kwa pamoja.

"Ala!" Chiriku aliruka kutoka kitini. "Kumbe kale kadude kanavutika? Mimi nilidhani ni pambo! Mwalimu, rudia! Rudia tena!"

Mwalimu alikiachia kipanya na kumtazama. Mtoto aliyekwisha kuonyeshwa jambo hashangai namna ile, na Chiriku hakuwa hodari wa kuigiza.

"Hukuonyeshwa," mwalimu alisema.

Hapo machozi yalimlengalenga. "Nilimuuliza mwenyewe, Mwalimu. Akaniambia anahesabu tano kama mimi."

Muda si mrefu Pacha aliingia, kwani mhariri alitakiwa kuunganisha kurasa zote asubuhi hiyo. Alipomwona Chiriku alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Ingia," mwalimu alisema. "Nina swali moja. Ulimwonyesha rula, au hukumwonyesha?"

Pacha alisokota pindo la sketi yake. "Sikumwonyesha."

"Kwa nini?" Aliyeuliza alikuwa Chiriku.

"Kwa sababu nilitaka kwenda mimi!" Pacha alilipuka kwa kilio. "Wewe kiwanda ni kama kwenu. Unaingia unapotaka, unabonyeza vitufe. Mimi ningekwenda lini? Nikasema hii moja acha niwe nayo mimi."

Chiriku alihisi uso ukimwaka moto, na safari hii haikuwa hasira peke yake.

"Sijawahi kuingia," alisema kwa sauti ndogo. "Naishia getini kwa mlinzi. Yale yote nilitunga."

Pacha alimkodolea macho. "Yote?"

"Yote. Lakini wewe ungeniuliza. Mimi nilikuuliza, na wewe ukanidanganya. Halafu ukaniacha nichekwe."

Pacha alifuta uso kwa mkono wa shati na kusema, "Nisamehe," mara mbili, lakini Chiriku aligeuza uso.

Mwalimu aliwaketisha kwenye kompyuta moja. Pacha alifuta nafasi za zamani, Chiriku akavuta rula, ukurasa baada ya ukurasa, bila soga wala kicheko. Ilipofika saa sita kurasa zote ishirini zilikuwa safi. Ndipo mwalimu aliposema kwamba mhariri wa jarida atakuwa Chiriku, kwa sababu aliyeficha maarifa aliyoagizwa kuyafikisha hawezi kukabidhiwa kazi za wenzake.

"Sikilizeni, wanangu," aliongeza. "Chiriku, ukijisifu kwa uongo, mtu anaweza kuuamini na kukuonea wivu kwa kitu ambacho huna. Hilo ni lako. Lakini haligeuzi alichofanya Pacha kuwa haki. Pacha, nilikupa neno la mwenzako umfikishie, ukalikalia. Aya tumezinyoosha kwa asubuhi moja. Kuaminiana hakunyooki hivyo. Itabidi uwe mkweli kwake leo, kesho na keshokutwa, mpaka siku atakapoona mwenyewe kwamba inatosha. Hiyo siku ataichagua yeye. Si wewe, wala si mimi."

Pacha aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Mwalimu."

"Naweza kuwapigia simu kiwandani niombe waruhusu mwanafunzi wa pili," mwalimu alimwambia Chiriku. "Ila siombi mpaka wewe ukubali."

Chiriku alimtazama Pacha, macho mekundu, kamasi zinamtoka, mtu aliyemjua kuliko mtu yeyote pale shuleni, na bado kifua kilikuwa kinamuuma.

"Waombe, Mwalimu," alisema mwishowe. "Lakini ndani ya gari sitaki akae karibu nami."